Mbao Yenye Dawa

Kazi yangu ilikuwa kuingia chini ya boti na kushika chuma.

Boti ilikuwa imepinduliwa, tumbo juu, imelazwa kwenye meza mbili za mbao ambazo mume wangu alizipigilia mwenyewe mbele ya gereji yetu, hapo Mesquite, Texas. Yeye alisimama nje na nyundo, wima, kwa sababu kuinama hakuweza. Mimi nilikaa chini kwenye kigoda, kichwa na mabega yakiwa ndani ya boti, kama kuku aliyefunikwa na tenga. Jua la mwezi wa nane likipiga ile aluminiamu, ndani mtu anaiva. Nilikuwa nimetoka kazini saa tisa. Tangu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeinua wazee vitandani, nimewageuza, nimewaosha, nimewalisha. Sasa jasho linaniingia machoni na mikononi nimekamata kipande cha chuma kizito kama jiwe la kusagia.

Boti za namna hiyo zimeshikanishwa kwa ribiti. Ribiti ni kama msumari mfupi usio na ncha. Yeye aliipitisha tunduni kutoka nje, mimi nikaweka chuma kwenye mkia wake huku ndani, halafu akapiga kichwa. Mkia ukikutana na chuma unabonyea, unakuwa kama kifungo cha koti, na bati mbili zinabanana. Yeye mkia hauoni. Mimi nyundo siioni. Kwa hivyo tulikuwa na ishara: mimi nagonga bati kwa ufunguo. Nikigonga mara moja, piga tena. Mara mbili, inatosha. Mara tatu, imeharibika, itoe tuanze upya.

Mtu angeniuliza siku zile kama mke na mume tulikuwa tunaongea nini, ningemwambia ni hayo tu. Moja, mbili, tatu.

Mgongo wake uliharibikia kazini, ghala moja la matairi. Hakuanguka wala nini. Aliinua tairi kama alivyoinua mengine, akasikia kitu kimekatika, akakaa chini. Daktari akasema hili, wa pili akasema lile, na kazi ikaisha. Miezi saba alikaa kwenye kile kiti cha sebuleni kinachojilaza, televisheni inawaka bila sauti. Kanisani akaacha kwenda. Alisema viti vinamuumiza, na ni kweli vilimuumiza, lakini hata kusimama nyuma hakutaka. Mabinti zetu wawili wakajifunza kupita sebuleni kwa vidole.

Mimi masomo yangu yote ya maana nimeyasoma jioni. Nyumbani niliachia kidato cha pili, karo ikakosekana. Cheti cha sekondari nimekipata hapa Texas, jioni, na ngozi ya mikono imekauka kwa sabuni ya wagonjwa. Mwaka huo nilikuwa nimefikisha arobaini na mbili na nilikuwa nasomea uuguzi, jioni pia, Jumanne na Alhamisi. Kwa hivyo mchana nilikuwa mtunza wazee, jioni mwanafunzi, na katikati napika. Sisemi ili nihurumiwe. Nasema ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani wakati niliofanya nilichofanya, kwa sababu sehemu yangu katika haya si nzuri.

Boti ilitoka Houston. Mdogo wake mume wangu alikuwa anakaa Gulfton, kwenye zile apatimenti zilizobanana, kila mlango na taifa lake. Jirani yake mmoja alihama akaiacha boti juu ya trela yake pale maegeshoni, akamwachia na karatasi zake. Meneja akabandika notisi: ikifika Ijumaa, inaburutwa. Shemeji akapiga simu. Mimi ndiye niliyeipokea, nikampa mume wangu, nikarudi kwenye sufuria yangu. Mara nikasikia kiti kimelia. Kugeuka, baba watoto yuko mlangoni, ameinama nusu, anatafuta viatu.

Yeye ni mtu wa ziwa na mimi ni mtu wa kahawa. Lugha ya mama yake siijui, na ya mama yangu haijui. Kiswahili ndicho tulichooania na ndicho tulichogombania. Lakini ziwa alikuwa nalo ndani. Kwao walikuwa na boti za mbao, na ukitaka kumsikia anaongea ulimuuliza habari ya boti.

Tukaazima pikapu kwa ndugu wa kanisani, tukaenda. Hiyo boti kuiona nikashika kiuno. Imebonyea, imechanika ubavuni, ndani imejaa majani makavu na makopo, sakafu yake ya zamani imeoza imekuwa kama keki. Ilikuwa imetumika baharini huko Galveston na chumvi bado imeganda kwenye pembe.

"Shem, nimewapatia meli," shemeji akasema.

"Hii ni sufuria, shem."

"Basi sufuria. Si wewe ndiye unajua kupika?"

"Sufuria iliyotoboka haipikiwi."

"Ndiyo maana nimemwita fundi," akasema, akampiga kaka yake begani, halafu akakumbuka ule mgongo akaondoa mkono.

Kurudi nilikuwa naendesha mimi. Tumepita Huntsville, miti imeanza kupungua, mume wangu akasema, "Nitaitengeneza halafu niiuze."

"Sawa."

"Hiyo ndiyo itakuwa nauli."

"Nauli ya wapi?"

"Nyumbani."

Nikaendesha kidogo. "Ya kwenda na kurudi?"

Akaangalia kwenye kioo cha pembeni, boti inatufuata. "Ya kwenda," akasema. "Mama, hebu nifikirie. Unaamka unaenda kuinua wagonjwa. Ukirudi unanikuta mimi. Mimi ni mgonjwa wako wa shifti ya pili. Wacha nikakae kwa mama, nifuge hata kuku. Wewe maliza shule. Halafu tutaona."

Hizo "tutaona" nilikuwa nimeziona kanisani kwetu. Mmoja anatangulia nyumbani, mwingine anabaki amalize hili na lile. Mwaka wa kwanza ni simu kila wiki, kadi inakatika katikati ya maneno. Mwaka wa tatu ni salamu za sikukuu. Talaka hakuna, ugomvi hakuna. Ndoa imekwisha tu, kama sabuni.

Ningemwambia hivyo. Badala yake nikasema, "Sawa." Nilikuwa nimechoka na barabara ilikuwa bado ndefu.

Sasa mtu atauliza, kama boti ndiyo ilikuwa inampeleka, nilimsaidia ya nini? Nilimsaidia kwa sababu alikuwa ameamka kutoka kwenye kile kiti. Ni hivyo tu. Kila Jumamosi nilimwona anatembea hatua zaidi ya Jumamosi iliyopita, na kila ribiti niliyoishika ilikuwa inampeleka mbali. Nilikuwa naomba apone, na naomba isiishe. Mungu alikuwa anasikia yote mawili kutoka kwa mtu mmoja, chini ya sufuria moja.

Jambo la ribiti tulifundishwa na mzee wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, Mmarekani aliyestaafu kutoka kiwanda cha ndege huko Fort Worth. Wiki kadhaa alikuwa anatutazama tu kutoka barazani kwake. Siku moja tukaijaza boti maji ya mpira, ikiwa bado kwenye trela, tuone inavuja wapi. Mume wangu anazunguka nje na krayoni ya mtoto, kila penye tone anachora duara. Mzee akavuka barabara.

"Wenzenu wanaogesha boti kwa nje," akasema.

"Yetu ni chafu ndani," mume wangu akamjibu.

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Alihesabu maduara, akatikisa kichwa, akarudi kwake, akaja na kile kipande cha chuma. Alisema chuma hicho kimeshikilia ndege nyingi kuliko anavyokumbuka. Ndiye aliyetufundisha kugonga moja, mbili, tatu. Alisema kiwandani kelele zilikuwa nyingi hata mtu akikuita jina husikii, na mwenzake wa upande wa pili wa bati alikuwa mwanamke waliyefanya naye kazi miaka kumi na hawajawahi kula chakula pamoja. Mwezi wa tisa moyo wake ukaanza kumsumbua, binti yake akaja kumchukua wakaenda Houston. Chuma alituachia. Nayasema haya kwa sababu angekuwepo mwezi uliofuata, angetukataza.

Mwezi uliofuata tuliweka sakafu.

Tulikuwa tumeigeuza boti ikakaa sawa kwenye trela, haivuji hata tone. Tukaenda duka la mbao. Mume wangu akasimama mbele ya plaiwudi ya kawaida, anaipapasa.

"Hii ni nyepesi, na rahisi," akasema.

"Na itaoza."

"Tutaipaka rangi."

"Baba, mbao bila dawa ni chakula."

Nyumba ya baba yangu ililiwa na mchwa. Baba alitoka kupeleka kahawa kiwandani, akashika mlango wa mbele afungue, fremu ikabaki mkononi. Ndani hapakuwa na mbao, palikuwa na vumbi. Rangi ndiyo ilikuwa imesimamisha mlango. Tangu siku hiyo kwetu hata kigingi cha mbuzi hakikuchimbiwa bila dawa. Ukinionyesha mbao nyeupe, mimi naona vumbi.

"Kwani mchwa atapanda boti?" mume wangu akauliza.

"Wa kwetu angepanda ndege akisikia kuna mbao."

Akacheka. Alicheka akashika mgongo, akaegemea mkokoteni, watu wakapita wakatutazama. Sikuwa nimemsikia akicheka zaidi ya mwaka. Na kwa sababu ya kile kicheko akachukua zile mbao nilizotaka, za kijani kijani, nzito, zina kibandiko mwishoni na harufu kama ya stoo ya baba ya dawa za kahawa. Nadhani ningemwambia siku hiyo achukue mawe angechukua.

Tukazikata, tukazifunga kwa skrubu juu ya mbavu za boti. Kuikanyaga ile sakafu ni kama kukanyaga kanisa. Tukafunika na turubai, kwa sababu mvua ilianza na mitihani yangu ilikuwa inakaribia.

Huko shuleni, kabla ya kukuruhusu uingie uuguzi wenyewe, lazima upite kemia. Mimi kemia niliiogopa kama nyoka. Jioni moja ya Alhamisi mwalimu akaweka glasi ya maji ya bluu mezani. Hayo maji niliyajua kabla hajasema. Ni kopa, ile dawa ya shaba. Baba aliikoroga kwenye pipa akanyunyizia kahawa, mikono yake ilikuwa na bluu kwenye kucha msimu mzima. Mwalimu akachukua karatasi ya aluminiamu, ile ya kufunikia chakula, akaikunja akaitumbukiza. Ikakaa. Akatia kijiko cha chumvi. Ile karatasi ikaanza kutoa mapovu, ikawa na kutu nyekundu, ikatoboka toboka, na tukiwa bado tunaandika ikakatika vipande ikazama.

Nikainua mkono. Mimi huwa siinui mkono.

"Na kama hiyo kopa imo ndani ya mbao?"

"Mbao ya dawa?" mwalimu akasema. "Ikiwa kavu haina shida kubwa. Ikilowa, ni haya haya unayoyaona, ila polepole."

"Na chumvi?"

"Chumvi inaharakisha."

Nikaandika kwenye daftari: chumvi inaharakisha. Bado ninalo lile daftari.

Niliendesha kurudi nyumbani nikijua la kusema. Baba, tumekosea, ni kosa langu, tuzitoe zile mbao kesho. Ni maneno machache. Nilifika nikamkuta amesimama jikoni, amesimama, anaosha vyombo, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu aumie. Akasema bila kugeuka, "Mwezi wa tano nadhani itakuwa tayari. Watu hununua boti mwezi wa tano."

Nikasema, "Ni kweli." Nikaenda kuweka mkoba.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nilijiambia mgongo wake hautakubali kazi ya kufungua. Baada ya hapo nilianza kujiambia jambo baya zaidi. Akina mama wa kanisani kwetu tulikuwa tunakutana Jumamosi moja kwa mwezi, chai na chapati, na nilikuwa nimewaomba waniombee mume wangu asiende. Tulifunga siku tatu. Mmoja wao, muuguzi, mcheshi, akaniuliza, "Boti imefika wapi?"

"Imefunikwa, lakini mvua inaingia."

"Basi Bwana ameanza kazi. Mvua ni yake."

Wakacheka, nami nikacheka. Nikaondoka na hilo neno kama mtu aliyepewa kibali. Nikaanza kufikiri kwamba sikuharibu mimi, ni jibu la maombi. Mwezi wa pili, asubuhi kabla ya kazi, niliinua pembe ya turubai nikaingiza kidole mahali mbao inapokutana na bati. Kidole kikatoka na unga mweupe, mzuri, laini kama wa mahindi. Nikaufuta kwenye sare yangu ya kazi. Siku nzima wazee wakaniuliza nimepika nini.

Kuomba kukawa kugumu. Mtu anaweza kukosa nguvu za kuomba kwa sababu ya kuchoka, na mimi hiyo naijua, unalala na magoti chini. Hii ilikuwa tofauti. Nilikuwa napiga magoti na macho makavu, nasema maneno yale yale, na najisikia kama mtu anayeongea na simu iliyokatika.

Na yeye alikuwa anapona. Alianza kutembea mpaka kona ya barabara, halafu mpaka dukani. Pasaka akaja kanisani, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Tukaipaka boti rangi ya kijani pamoja, yeye juu, mimi chini. Binti mkubwa akaja na glasi za maji akauliza kama kweli inauzwa, "Is Dad really selling it?" Baba yake akachovya brashi tena. Nikafikiri labda amebadili nia. Sikumuuliza. Mtu anayeficha kitu haulizi maswali. Halafu siku moja nikaona amebandika karatasi kwenye dirisha la gari letu, ameandika kwa herufi kubwa kuwa boti inauzwa, na namba ya nyumbani.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, na pikapu safi na mkewe na kitoto cha kike cha kama miaka minne. Alikuwa bwana mpole, fundi wa paa. Alizunguka boti mara mbili akipiga piga ubavu kwa kiganja. Mume wangu alikuwa amevaa shati la kanisani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo la vyombo.

"Inavuja?"

"Haivuji," mume wangu akasema. "Tuliijaza maji tukahesabu. Ribiti zote mpya ni mimi na mke wangu."

Alinielekezea kidole gumba bila kugeuka. Alisema kwa fahari.

Kile kitoto kilikuwa kimeshapanda. Kikakaa kwenye kiti cha mbele, kikashuka, kikaanza kuruka kwenye sakafu, puu, puu, puu. Mama yake anamwambia aache, yeye anaruka tu. Sakafu haikulia hata kidogo. Ilikuwa imara kama siku tuliyoiweka. Baba yake akaingiza mkono mfukoni akatoa bahasha.

Nikavuka saruji na lile taulo mkononi.

"Bwana," nikasema, "usinunue hii boti. Chini ya sakafu imeliwa."

Mume wangu akageuka. "Mama, unafanya nini?" Hiyo alisema kwa Kiswahili, taratibu, kama unavyomwambia mtu aliyesimama ukingoni.

"Fungua sakafu."

"Sakafu ina nini?"

"Fungua pale nyuma, baba. Tafadhali."

Alinitazama. Halafu akaenda gereji akaleta drili. Akapiga magoti, sijui alipigaje na ule mgongo, akatoa skrubu nne akainua ubao. Chini palikuwa na uji mweupe umeganda. Akaukwangua na kisu. Bati chini yake ilikuwa na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na mengine yalikuwa yamepita kabisa. Mwanga wa jua uliopiga kwenye saruji ulikuwa unaingia kwa chini, vitone vitone, kama nyota.

Mwanamke akambeba mtoto wake. Yule bwana akapiga mluzi, akarudisha bahasha. Akamshika mume wangu mkono, akanishika na mimi, akasema asante, ma'am. Wakaondoka.

Mume wangu akakaa kwenye ukingo wa trela. Ule ubao bado anao mkononi, anakisoma kile kibandiko.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kumi na moja. Tulifundishwa shuleni."

"Ukapaka rangi na mimi."

"Ndiyo."

"Mlipokuwa mkifunga na akina mama?"

"Nilijua, ndiyo."

 Gari la aiskrimu likapita na muziki wake. Nilitaka aseme neno kubwa, nilie, tumalize. Hakusema. Aliweka ubao chini, akasema, "Mimi nilifikiri katika nyumba hii kuna mtu mmoja hanidanganyi." Akaingia ndani, na nikasikia kile kiti kimelia.

Hiyo ndiyo saa niliyoogopa kuliko zote. Mengine ningevumilia, lakini siyo kile kiti.

Jumapili hakuja kanisani. Nilienda kwa mke wa mchungaji nikamwambia yote, na nikamwambia awaambie akina mama wasiseme tena kwamba Bwana ameleta mvua. Alinisikiliza, akanishika mkono, akasema, "Kwake umeomba msamaha?" Nikamwambia nimemwomba, hajajibu. Akasema, "Basi usimharakishe. Wewe ulichukua miezi sita." Nilikuwa nimeenda kufarijiwa. Nilirudi na hilo.

Wiki hiyo tulikula bila maneno. Nauli angeweza kuipata kwingine, kwa mdogo wake, kwa mchango wa kanisa, na hakuna ambacho kingemzuia sasa. Nilikuwa nafikiri hivyo kila siku nikirudi, nikikata kona ya mtaa wetu, natazama kama taa ya sebuleni inawaka ile ya bluu ya televisheni.

Alhamisi nilipofika kutoka kazini kubadilisha nguo niende shule, mbao zote zilikuwa zimetolewa. Amezipanga kando ya ua, kubwa chini ndogo juu. Boti imeoshwa. Na ameshika krayoni amechora maduara ndani na nje, kila shimo na lake. Nilihesabu mpaka thelathini nikaacha.

Alikuwa mezani anakunywa chai. "Hiyo haiuziki," akasema.

"Ndiyo."

"Na kuitupa siwezi."

Nikasimama na viatu mkononi.

"Jumamosi unatoka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi uvae ile suruali yako ya zamani."

Jumamosi vijana wawili wa kanisani walikuja wakatusaidia kuipindua, wakaenda zao. Mume wangu alikuwa amekata viraka vya bati mpya, amevitoboa pembeni, amevipaka gundi nyeusi. Nikaingia chini na kigoda changu. Ndani kulikuwa na giza, lakini siyo kabisa. Kila mahali pale juu kulikuwa na vile vitone vya mwanga, na kwa kila kiraka alichoweka, vingine vikazimika.

Ribiti ya kwanza ilienda vibaya, mkia ukainama. Nikagonga mara tatu. Akaitoa kwa drili. Ya pili nikagonga moja, halafu mbili. Tukaendelea hivyo kama saa nzima. Uso wake siuoni, na nadhani ndiyo sababu niliweza.

"Baba," nikasema kwenye bati, "utaenda?"

Nyundo ikatulia. Nikasikia anavuta pumzi, halafu kiganja chake kinapita juu ya boti taratibu, kikigusa duara moja, jingine, jingine.

"Na hii?" akasema. "Hii itanichukua mwaka."

Nikakirudisha chuma kwenye mkia wa ribiti. 

"Shika vizuri," akasema. "Mkono wako umelegea."

Ulikuwa umelegea kweli. Nikakishika chuma kwa mikono miwili, nikakiegemeza begani, na yeye akapiga.